Rafiki akienda zake: kilio cha vijana ambacho hatukioni

Mtu akifiwa katika parokia zetu, tunajua la kufanya. Wamama wanafika na unga na makala, wababa wanaketi nje chini ya turubai, korali inaimba usiku, mchungaji anakuja kuomba. Hakuna anayethubutu kumwambia mfiwa kwamba atapata ndugu mwingine. Lakini msichana wa miaka 14 akipoteza rafiki aliyekuwa naye tangu shule ya msingi, rafiki ambaye hakufa, ambaye bado anakaa kwenye avenyu ileile na bado anaimba kwenye korali ileile, tunamwambia neno lilelile tusilothubutu kumwambia mfiwa: "Acha hayo, utapata wengine."

Makala hii ni kwa wazazi, viongozi wa vijana na walimu wa Shule ya Jumapili. Inaeleza kwa nini mwisho wa urafiki unauma hivyo katika umri ule, unakujaje, na sisi watu wazima tunaweza kufanya nini pasipo kuongeza kidonda. Vijana wenyewe wakiisoma, kuna maneno yao mwishoni.

Mtu wa kwanza aliyemchagua

Mtoto hachagui mama yake wala baba yake. Hachagui ndugu, hachagui kabila, hachagui hata kanisa, maana alifika pale akiwa amebebwa mgongoni. Rafiki wa miaka 12 au 13 mara nyingi ndiye mtu wa kwanza ambaye amemchagua mwenyewe, na ambaye amemchagua yeye. Harry Stack Sullivan, mganga wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyefariki mwaka 1949, alifundisha kwamba ni katika urafiki wa namna hii, karibu na wakati wa kubalehe, mtoto anaanza kujali furaha ya mwenzake kama vile anavyojali yake. Kabla ya hapo alikuwa na watu wa kucheza nao. Sasa ana mtu wa kumjali. Kwa maneno mengine, pale ndipo anapoanza kujifunza kwa matendo ile amri ya kumpenda jirani, hata kama hajui kuieleza.

Tazameni jinsi urafiki huo ulivyo katika miji na vijiji vyetu. Hao wawili wanaenda kuchota maji pamoja, kila mmoja na bidoni yake. Wanaenda shule kwa mguu pamoja na kurudi pamoja. Wanasukana nywele, wanatumia telefoni moja, wanaomba wazazi kikwembe cha namna moja kwa Noeli. Vijana wanaume nao wana uwanja wao wa mpira, baiskeli yao moja, na siri ambazo hazisemwi mbele ya kaka mkubwa. Ukimwona mmoja wao peke yake unamwuliza mwenzake yuko wapi, kama vile ungeuliza juu ya kiatu cha pili.

Kwa hiyo urafiki ukivunjika, kijana hapotezi mtu wa kuongea naye tu. Anapoteza njia ya shule, kwa sababu kila kona ya njia ile waliipita wawili. Anapoteza mahali pake pa kuketi darasani. Anampoteza mtu pekee anayejua kwamba baba yake anakunywa, au kwamba yeye bado anaogopa giza. Na hapo hofu nyingine inaingia: yule anayejua hayo yote sasa anayabeba mahali pengine, na hakuna ajuaye atamwambia nani.

Maumivu hayo si ya kujifanya. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walichapisha katika gazeti la kisayansi la Science uchunguzi juu ya watu waliotengwa na wenzao katika mchezo mdogo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Walipopimwa ubongo, sehemu iliyoamka kwa kutengwa ilikuwa sehemu ambayo inahusika pia na uchungu wa mwili. Na ule ulikuwa mchezo wa dakika chache na watu wasiowajua! Sasa fikiria miaka sita ya urafiki.

Mara nyingi hakuna ugomvi

Mzazi akisikia kwamba wawili wameachana, swali lake la kwanza ni: "Mligombana juu ya nini?" Swali hilo linamfunga kijana mdomo, kwa sababu mara nyingi hana jibu. Hawakugombana. Watafiti wa Marekani waliofuata vijana 410 tangu darasa lao la 7, na kutoa matokeo mwaka 2015, waliona kwamba katika urafiki 100 ulioanza darasa la 7, karibu mmoja tu ulikuwa bado uko hai walipofika darasa la 12. Na kilichouvunja zaidi si tabia mbaya ya mmoja, ni tofauti zilizokuwa kati yao wawili: mmoja anapendwa na wengi darasani na mwingine hapana, mmoja anafaulu masomo na mwingine anabaki nyuma. Nchi ile si yetu, lakini jambo lenyewe tunalifahamu.

Kwetu shule yenyewe inawatenganisha. Mwishoni mwa darasa la 8 wanafanya mtihani wa TENASOSP, kisha kila mmoja anachagua masomo ya kufuata katika miaka minne ya mwisho ya sekondari: ualimu, biashara, kemia na biolojia, ushoni, ufundi. Katika miezi miwili ya likizo, watu wawili waliokuwa benchi moja wanakuwa watu wa shule mbili, saa mbili tofauti, uniforme zinafanana lakini marafiki ni wapya. Ongeza pesa. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yalianzia shule ya msingi; katika madarasa ya juu mzazi anatafuta mwenyewe. Kijana anayefukuzwa kila mwezi kwa ajili ya deni la shule anaanza kumkwepa rafiki yake ambaye hafukuzwi. Hamchukii. Anaona haya. Na yule mwingine, asiyeambiwa kitu, anadhani amedharauliwa. Hapo urafiki umekufa na hakuna aliyetenda kosa.

Halafu kuna kukimbia. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma wakaambiwa watoke, familia zilienda kila upande: Sake, Minova, Rutshuru, Gisenyi, Bukavu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika Goma kwenyewe, kisha Bukavu, na watu wakatawanyika tena, wengine mpaka Burundi na Uganda. Watu wazima tunahesabu nyumba, mali, na wafu. Ni haki kuhesabu hivyo. Lakini katika hesabu ile hakuna mstari wa kijana ambaye rafiki yake aliondoka asubuhi pasipo kuaga, na ambaye namba yake ya telefoni haikuita tena. Hata hajui kama amlilie kama aliyekufa au amkasirikie kama aliyemsahau.

Na kweli kuna usaliti pia. Siri inatoka. Mazungumzo ya WhatsApp yanapigwa picha na kutumwa kwa darasa zima. Kundi jipya linafunguliwa, wote wamo isipokuwa yeye. Mvulana anaingia katikati ya wasichana wawili, au rafiki mpya mwenye telefoni nzuri. Hayo hayahitaji maelezo marefu, kila mmoja wetu ameyaona.

Ugomvi wa wakubwa

Kuna sababu nyingine ambayo tunaipita kimya, kwa sababu inatuhusu sisi. Kuna urafiki wa vijana ambao haukuvunjwa na vijana. Ulivunjwa jikoni au sebuleni, kwa neno la mzazi: "Usifike tena kwa watu wale." Watu wale wana lugha nyingine. Mtoto ambaye amekula foufou kwenye nyumba ile miaka mitano anaambiwa kwamba mama aliyempakulia ni adui, na binti aliyemsuka nywele ni nyoka.

Simlaumu mzazi anayeogopa. Kuna kartie na kuna siku ambapo kumzuia mtoto asipite njia fulani ni kumlinda maisha. Lakini kumwambia mtoto "barabara ile si salama sasa, mwandikie tu" si sawa na kumwambia "damu yao ni mbaya." La kwanza linamlinda. La pili linamfundisha kwamba mtu anaweza kuwa ndugu Jumapili na takataka Jumatatu, na anayemfundisha hivyo ni mtu aliyempeleka kubatizwa.

Wahubiri wetu wanapenda habari ya Daudi na Yonathani, lakini mara nyingi wanaishia kwenye sura ya 18 ya 1 Samweli, pale Yonathani anapompa Daudi vazi lake na upinde wake. Endeleeni mpaka sura ya 20. Urafiki ule ulikatwa na vita ya mzazi. Sauli alitaka Daudi auawe, na Yonathani alipomtetea mezani, baba alimrushia mkuki mwanawe mwenyewe. Kesho yake Yonathani akaenda shambani na kijana mdogo, akapiga mishale kama ishara waliyokubaliana, na yule kijana akakimbia kuiokota asijue lolote. Akarudishwa mjini na silaha. Ndipo Daudi akatoka mafichoni, na wote wawili wakalia, na Daudi akalia zaidi. Biblia haikuona haya kuandika kwamba watu wawili wa vita walilia kwa sababu urafiki wao hauwezi tena kuishi kama zamani.

Yonathani hakumkana baba yake. Alirudi mjini, na mwishowe alikufa pamoja naye katika mlima wa Gilboa. Lakini hakumuuza rafiki. Alimfuata mara moja tena msituni, katika jangwa la Zifu, kumtia nguvu. Na miaka mingi baadaye, Daudi akiwa mfalme, aliuliza kama kuna mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli, akamketisha Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kwenye meza yake. Mwana wa nyumba ya adui, kwa ajili ya rafiki. Katika jimbo kama letu, ningependa kusikia mahubiri juu ya sura hizo kila mwaka.

Msiwalazimishe kushikana mikono

Kiongozi wa vijana akigundua kwamba wasichana wawili wa kikundi chake hawasemezani, kuna desturi anayoifuata kwa nia njema. Anawasimamisha mbele ya wote, anasoma andiko juu ya msamaha, anawaambia wakumbatiane. Kikundi kinapiga makofi. Wanakumbatiana, kwa sababu wangefanya nini kingine? Wiki inayofuata mmoja wao haonekani tena.

Yesu katika Matayo 18 anaanza na wawili peke yao, pasipo watu wa kutazama. Sisi tunaanza na mkutano. Tena tunachanganya mambo mawili. Kusamehe ni kuacha kulipiza na kuacha kumtakia mwenzako mabaya. Kurudia urafiki wa zamani ni jambo lingine, na halitegemei mtu mmoja. Kijana anaweza kusamehe kwa kweli na bado asimwambie tena yule mwenzake siri zake. Tukimwambia kwamba bila kurudiana hajasamehe, tunamwekea mzigo ambao Maandiko hayamwekei.

Angalieni Paulo na Barnaba. Barnaba ndiye aliyemshika Paulo mkono pale Yerusalemu, wakati wanafunzi wengine walimwogopa. Ndiye aliyemfuata mpaka Tarso na kumleta Antiokia. Halafu katika Matendo 15 wanashindana vikali juu ya Yohana Marko, ambaye aliwaacha safarini kule Pamfilia, na wanaachana. Barnaba anamchukua Marko kwenda Kipro, Paulo anamchukua Sila kwenda Siria na Kilikia. Luka hasemi nani alikuwa na haki. Wala kitabu cha Matendo hakituonyeshi wakisafiri pamoja tena. Lakini katika 1 Wakorinto 9 Paulo anamtaja Barnaba kama mtumishi mwenzake, pasipo uchungu. Na katika 2 Timoteo 4 anaomba Marko aletwe kwake, kwa sababu anamfaa. Miaka ilipita katikati. Hakuna aliyewasimamisha mbele ya kanisa la Antiokia.

Nyumbani

Mara nyingi dalili ya kwanza ni ndogo.

"Mama, leo siende korali."

"Juu ya nini?"

"Hakuna kitu."

Hapo mama ana njia mbili. Anaweza kusema, "Kama hakuna kitu, vaa twende." Au anaweza kusema, "Sawa. Kuja hapa unisaidie kuchambua maharagi." Ya pili ni bora, na si kwa sababu ya maharagi. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, kijana anaongea maneno ambayo hawezi kuyasema akikaziwa macho. Labda hataongea siku ile. Ataongea siku ya tatu. Na baba naye asidhani kwamba ni kazi ya mama peke yake: kijana mwanaume aliyeachwa na rafiki yake mara nyingi haonyeshi huzuni, anaonyesha hasira, na anapigwa kwa ajili ya hasira ile pasipo mtu kuuliza inatoka wapi.

Akiongea, msikilize mpaka mwisho. Usimtukane yule mwenzake, hata kama amekosa, kwa sababu kesho wanaweza kupatana na wewe utabaki na matusi yako. Usiende usiku uleule kugonga mlango wa wazazi wa yule mwingine, isipokuwa kuna kupigwa, vitisho, au picha za aibu zinazosambazwa. Hayo si mambo ya urafiki tena, yanahitaji watu wazima mara moja. Na usiyachukue maneno yake kuyapeleka kwenye kikundi cha maombi cha wamama kama ombi. Yatamrudia kabla ya Jumapili.

Huzuni ya namna hii inapungua kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Lakini ikiwa majuma yanapita na kijana halali, hali chakula, ameacha vitu vyote alivyovipenda, au anasema kwamba afadhali asingekuwepo, msimwache peke yake, na msiishie kwenye maombi tu. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri juu ya kufa. Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Mpelekeni kwenye kituo cha afya aonane na mwuguzi au mganga. Kumwombea na kumpeleka havipingani.

Viongozi wa korali na wa vijana wana kazi moja ndogo ambayo wazazi hawawezi kuifanya: nafasi. Mnaweza kubadilisha mistari ya kuimba pasipo kutangaza kwa nini. Mnaweza kumpa aliyebaki peke yake kazi inayomweka karibu na watu wengine, kupanga viti na wenzake wawili, kufundisha watoto wadogo wimbo. Hasa mwezi wa Septemba, masomo yakianza, tazameni mlangoni baada ya ibada nani anarudi nyumbani peke yake ambaye mwaka uliopita alirudi na mwenzake.

Kwako kijana

Kama wewe ndiye uliyeachwa, lia. Si utoto. Andika barua ukitaka, sema yote, kisha ilaze siku tatu kabla hujaamua kama utaituma. Kama kuna jambo usilolielewa, mwulize mara moja, ninyi wawili peke yenu, si kupitia mtu wa tatu. Akikataa kujibu, hilo nalo ni jibu kwa sasa, na usimfuate kila siku kwenye njia ya shule.

Kama wewe ndiye uliyeondoka, usiondoke kwa kunyamaza kama unaweza kusema neno. "Sina hasira na wewe, lakini mambo yamebadilika kwangu" ni maneno magumu, lakini mwenzako atalala usingizi kuliko akibaki kukisia miezi sita. Na kama sababu ni deni la shule na haya, mwambie hivyo. Labda urafiki wenyewe haukufa bado.

Siri zake ulizopewa zamani bado ni zake. Picha na jumbe zilizo kwenye telefoni yako, ambazo hangependa mtu mwingine azione, zifute leo, hata kama yeye ametoa za kwako. Na mkikutana mlangoni pa kanisa Jumapili, huna lazima ya kumkumbatia. "Bwana asifiwe" inatosha kwa siku hiyo.